Waja leo, waondoka leo: barua ya wazi kwa viongozi wa Coastal Union

Kwa Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati ya Utendaji na sekretarieti ya klabu,
Coastal Union, Tanga.

Waheshimiwa viongozi,

Asalaam aleykum. Naandika kama shabiki wa mzunguko, majukwaa ya kiingilio cha chini, pale uwanja wetu wa Mkwakwani, mtu ambaye hajawahi kukalia kiti cha uongozi na wala hakitamani. Nasema hivi mapema kwa sababu nalijua soka la mji wetu: ukiandika barua mbili mfululizo, ya tatu utaulizwa unamfanyia kampeni nani. Simfanyii mtu.

Ombi langu ni moja. Klabu itangaze, kwa kila mchezaji wa timu ya kwanza, mkataba wake unaisha mwezi gani na mwaka gani, na orodha hiyo iwekwe mahali ambapo shabiki anaweza kuiona mwaka mzima. Mshahara wake hatuutaki. Dau alilopewa ni siri yake na mkewe. Tunaomba tarehe tu.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo dogo namna hii limenifanya niandike.

Ligi imekwisha, na hapa Ngamiani ndiyo kwanza kazi imeanza. Kuanzia baada ya Alasiri mpaka wauza kahawa wanapozima mkaa, habari ni hiyo hiyo: nani anabaki, nani anakwenda, nani yuko njiani anakuja. Makorora wana orodha yao ya usajili, Chumbageni wana yao, na Mikanjuni wameshapanga mpaka kikosi cha mechi ya kwanza, kikiwa na winga ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Sitataja jina la mchezaji yeyote aliyepo kikosini sasa. Nimeona msimu huu jina likitajwa barazani mara mbili, mara ya tatu linakuwa limeshauzwa.

Mnajua tetesi zinavyopikwa? Mchezaji akipigwa picha stendi ya Kange akiwa na begi kubwa, basi ameuzwa. Akionekana Kariakoo, Dar, waliko Simba na Yanga, ameshasaini. Asipoonekana popote, amefichwa hotelini ili asaini. Akiondoa jina la klabu kwenye ukurasa wake wa Instagram, baraza zima linamsomea Fatiha. Akiweka picha ya bahari na kuandika "Mungu ni mwema", hapo tutakaa na maneno hayo matatu mpaka kahawa ipoe: mwema kwa lipi? Amepata timu, au amepata mtoto? Na wakala wake, ambaye ana sababu zake za kutaka bei ipande, anamnong'oneza mwandishi mmoja kwamba kuna klabu kubwa tatu mlangoni. Kesho yake asubuhi ni habari. Jioni tunagombana juu yake kama vile tumeuona mkataba.

Kati ya watabiri wote hao, yupo mmoja ninayemheshimu. Ni mzee fundi baiskeli, na utabiri wake hautoki kwenye picha za mtu. Ana daftari. Kila mchezaji anapotambulishwa na klabu ikasema "mkataba wa miaka miwili", mzee anaandika jina, tarehe, na pembeni anaandika mwezi ambao mkataba utakwisha. Kisha anarudi nyuma miezi sita na kupiga mstari mwekundu. Ukimuuliza kuhusu beki fulani, hafikirii sana. Anafungua ukurasa. "Mgosi (ndivyo tunavyoitana Tanga), huyu tokea Januari alikuwa huru kuzungumza na amtakaye. Wewe unamlilia leo?"

Huo mstari mwekundu ndio uzito wa barua yangu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, au umebakiza miezi sita kwisha, yuko huru kusaini na klabu nyingine. Mkataba unaoishia tarehe 30 Juni maana yake ni kwamba kuanzia mwanzo wa Januari, katikati ya msimu, wakati sisi tunapiga ngoma mzunguko na kumwimba jina, mtu huyo anaweza kukaa mezani na klabu nyingine, akatia sahihi, akarudi mazoezini kesho yake. Na akiondoka, klabu yetu haipati ada ya uhamisho hata shilingi. Haki yake, simlaumu. Ila inamaanisha kwamba vurugu yote tunayoifanya Juni na Julai tunaifanya juu ya maiti iliyozikwa Januari.

Mzee naye hukosea, na hukosea kwa sababu moja tu. Mchezaji akiongezewa mkataba na taarifa isifike barazani, daftari linabaki na tarehe ya zamani. Wakimwekea kipengele cha kuongeza mwaka, daftari halijui. Mtu akija kwa mkopo, mara nyingine hatujui mkopo ni wa nusu msimu au msimu mzima, wala kama tuna haki ya kumnunua mwishoni. Basi mzee aliyefanya kazi ambayo ingefanywa na karani wa klabu kwa nusu saa anachekwa na vijana wanaosoma picha za Kange.

Ninaomba mnivumilie nikumbushe historia kidogo, maana katika hoja hii historia ndiyo ushahidi wangu.

Mwaka 1988 tulikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Wapo wazee mjini hapa wanaoanza kila sentensi na mwaka huo, na sisi tuliozaliwa baadaye tumeukariri kama tarehe ya maulidi. Mwaka 2016 tukashuka daraja, na hatukushuka peke yetu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za mkoa wetu, zilitoka Ligi Kuu kwa msimu mmoja. Kwa mara ya kwanza utani wa jadi kati yetu na Wana Kimanumanu, yaani African Sports, ulikosa mtu wa kucheka. Tukarudi msimu wa 2018/19.

Kisha angalieni miaka hii. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba, Ayoub Lyanga akaenda Azam. Mabeki wawili wa kati na mshambuliaji, dirisha moja la usajili. Msimu uliofuata tuliponea kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Waliokuwepo Mkwakwani siku ile wanajua mapigo ya moyo yalivyokwenda. Mwaka 2022 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Arusha, dhidi ya Yanga. Abdul Suleiman Sopu akafunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3, tukafa kwa penalti. Dirisha hilo hilo Sopu akaenda Azam na kiungo Victor Akpan akaenda Simba. Septemba hata kocha, Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, akachukuliwa na Simba. Msimu wa 2023/24 tukamaliza nafasi ya 4, kipa wetu Ley Matampi akiwa kinara wa ligi kwa mechi 15 bila kuruhusu bao. Dirisha la 2024 likaja na sakata la Lameck Lawi: Simba walimtambulisha kama mchezaji wao, klabu yetu ikasema masharti ya malipo hayakutimizwa na biashara haipo, shauri likafika Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini. Agosti tukatolewa mapema Kombe la Shirikisho Afrika na Bravos do Maquis ya Angola, na haukupita muda kocha David Ouma naye akaondoka.

2020, 2022, 2024. Mikataba mingi ya ligi yetu huwa ya miaka miwili. Sidai kwamba nimegundua siri, na kila kuondoka kuna hadithi yake. Wengine waliuzwa, wengine sijui na ndiyo maana naandika. Ninachosema ni kwamba shabiki akiona mpangilio huo halafu hana tarehe mkononi, ataijaza nafasi iliyo wazi kwa maneno yake. Na maneno ya barazani hayajawahi kuwa na huruma kwa kiongozi. Mchezaji aliyeuzwa kwa fedha nzuri na aliyeondoka bure wanaagwa kwa picha ya aina moja, basi mtaani wote wawili wanahesabiwa kuwa "wamegawiwa".

Picha hiyo ndiyo tunaiita thenkyu. Nina neno juu yake, ingawa si la Coastal peke yake, ni ugonjwa wa ligi nzima. Mtu amecheza misimu mitatu, amevunjika taya akiokoa mpira, anawekewa picha yenye rangi za klabu na maneno "tunakutakia kila la heri". Hatujui amemaliza mkataba, ameuzwa, ameachwa, au ameomba kuondoka. Mstari mmoja tu ungetosha: "Amemaliza mkataba wake tarehe fulani, tulizungumza naye hatukuafikiana." Au: "Ameuzwa akiwa na mwaka mmoja uliobaki." Kwani ni aibu? Mimi kiongozi akiniambia ameshindwa kumbakiza mtu kwa sababu klabu kubwa imetoa mshahara mara tatu, nitanuna siku mbili kisha nitakata tiketi ya mechi inayofuata.

Sasa niseme jambo ambalo watu wengi Tanga hawapendi lisemwe kwa sauti. Wengi wetu tuna timu mbili. Ana kadi ya Coastal mfukoni na jezi ya Simba au Yanga kabatini. Siku beki wetu anapotambulishwa Msimbazi, kwa Simba, nusu ya baraza inasikitika kwa midomo na kuchekelea moyoni. Siku anapokwenda Jangwani, kwa Yanga, nusu ya pili nayo hivyo hivyo. Nimekaa na watu wazima, wenye mvi, wakijadili dirisha letu la usajili kama vile Coastal ni kitalu cha miche na wao wamekuja kuchagua. "Huyu bado, tumwache aive msimu mmoja." Aive kwa nani? Wanasema haya wakiwa wamekaa Ngamiani, kibandani kwetu, wakinywa kahawa yetu, na hawaoni ajabu.

Sitaki kuwafukuza watu hao. Tukiwafukuza, Mkwakwani tutabaki mimi, mzee wa daftari na wauza karanga. Ila mnapaswa kujua kwamba tetesi za Tanga hazifanani na za mji wenye moyo mmoja. Hapa tetesi nyingine inaenezwa na shabiki wetu mwenyewe, kwa sababu anatamani iwe kweli. Anajua wakala akisikia mtaa unasema hivyo, mchezaji naye atasikia, na mchezaji kijana wa miaka ishirini anayepigiwa simu na binamu zake kila usiku kuulizwa "unakwenda lini Dar?" hachezi mpira wake wa kawaida. Tarehe iliyoandikwa ukutani inamlinda huyo kijana kuliko msemaji wa klabu kukanusha mara kumi. Mtu akianza, unamwonyesha: ana mkataba mpaka 2027, kaa chini unywe kahawa.

Najua mtakachojibu. Mtasema tukitangaza tarehe tunawarahisishia wakubwa kuja kutunyemelea. Nimeisikia hoja hii kwa watu wenye akili na sikubaliani nayo. Wakubwa wanajua tayari. Wakala wa mchezaji anajua na ndiye anayewapigia. Mchezaji mwenyewe anajua. Shirikisho linajua, kwa sababu mikataba inapita kwao wakati wa usajili. Mwandishi wa michezo aliye na rafiki ndani anajua. Katika mlolongo huo wote mtu mmoja tu hajui, naye ndiye aliyelipa kiingilio. Siri ambayo anafichwa mwenye nyumba pekee haina faida kwa nyumba.

Na kuna faida ambayo pengine hamjaifikiria. Tarehe zikiwa wazi, mashabiki watawasukuma wakati unaofaa. Badala ya kuja kupiga kelele Julai, tutakuja Oktoba na kusema: waheshimiwa, kipa wetu anabakiza miezi tisa, mmekaa naye? Oktoba bado mna mambo mawili mikononi. Mnaweza kumwongezea, au akikataa mkamuuza dirisha dogo, lile la katikati ya msimu, na kupata kitu. Ikifika Machi mnabaki na dua. Klabu yenye kipato chetu haiwezi kushindana na Dar es Salaam kwa mishahara, hilo tunalijua, hatuishi mwezini. Inaweza kushindana kwa kalenda.

Fedha ninazozisema hazikomei kwenye ada ya kuuza. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada, asilimia 5 ya fedha hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka kuanzia 12 mpaka 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16 mpaka 23. Tuchukue mtoto aliyeokotwa uwanja wa Tangamano akiwa na miaka 17, akakaa kwetu misimu minne, kisha miaka baadaye klabu iliyomchukua kutoka kwetu ikamuuza nje kwa dola 500,000. Sehemu yetu ni asilimia 2, yaani dola 10,000, bila kupiga mpira. Lakini hulipwi kwa kusema "huyu ni wetu, mji mzima unajua". Unalipwa kwa kumbukumbu za usajili: lini aliingia, lini alitoka. Klabu inayozoea kuandika tarehe zake hadharani itakuwa nazo pia siku zitakapohitajika.

Kuhusu wanaokuja sitasema mengi. Kila dirisha kuna kundi linalotaka "chuma kishushwe", jina kubwa lililochoka Dar lije kupumzika pwani. Mwaka 2013 tulimpata Haruna Moshi "Boban" na Juma Nyosso kwa pamoja, mji ukalewa furaha, na kombe hatukuliona. Mimi dirisha hili sina haja ya jina. Nipeni beki wa kushoto anayejua kurudi, na mniambie mkataba wake unaisha lini.

Kuna jambo jingine linalonifanya niamini kwamba mtalielewa ombi hili. Msimu wa 2024/25 tulilazimika kucheza mechi za nyumbani mbali na Mkwakwani, Yanga tukawapokea Arusha. Kwa shabiki wa Ngamiani, Coastal ikawa timu ya kwenye redio na Azam TV. Katika kipindi kama hicho habari ndiyo inayomfunga mtu na timu yake. Macho hayana pa kuiona. Na habari yetu ilitoka zaidi kwa watu wengine kuliko kwenu. Hilo si kosa la mtu mmoja, ni desturi ya vilabu vyetu kuzungumza siku ya kutambulisha na kunyamaza mpaka siku ya kuaga.

Gharama ya ninachoomba ni karatasi moja. Jina, nafasi, mwezi, mwaka. Kwa aliye kwa mkopo, jina la klabu anayotoka na siku ya kurudi. Kwa anayeongezewa mkataba, mstari wa zamani ukatwe na mpya uandikwe. Iwekwe kwenye kurasa za klabu mtandaoni, na nakala ibandikwe ofisini Barabara ya 11, kwa sababu wapo wazee wetu wasio na simu janja na ndio hao waliokuwa Mkwakwani mwaka 1988. Mkiweza kuitoa kabla dirisha halijafunguliwa, mtakuwa mmetupunguzia nusu ya ugomvi wa Julai. Mkishindwa mwaka huu, ianze na wale mnaowasaini sasa, na wa zamani waongezwe kadiri mikataba yao inavyoguswa.

Ikiwa mnaona ombi hili haliwezekani, tunaomba sababu kwa maandishi, au mliweke kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao tulijadili wanachama. Mzee wa daftari ameniambia yuko tayari kulileta daftari lake ofisini mlilinganishe na mafaili yenu, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Anaomba tu arudishiwe siku hiyo hiyo, maana wateja wake wanalihitaji.

Wenu,
Shabiki wa mzunguko, Ngamiani, Tanga